Lavenda katika Nyumba ya Nailoni

Ndugu wasomaji, mmezoea kukuta katika kurasa hizi habari za malezi ya watoto, za mirathi na za ibada. Leo naomba ruhusa niwaeleze habari ya mmea mmoja wa harufu. Ndani ya habari ya mmea huo imo habari ya fedha za watu, ambayo ningalipenda nisiieleze. Lakini nikiiacha, hiyo ya mmea itakuwa haina maana, nami nitakuwa nimewapa nusu ya maneno.

Bonga ni kata ya mji wa Babati, mkoani Manyara, kando ya njia kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Kutoka hapa hata Babati mjini ni mwendo wa kilomita zipatazo 19. Barabara sasa ni ya lami. Kabla ya lami hiyo kufunguliwa mwaka 2018, mtu aliyesafiri kwenda Kondoa wakati wa masika aliagana na watu wake kama aendaye safari ya mbali. Tunakaa hapa Wagorowa, Wambulu, Warangi na wengineo. Mimi ni Mrangi, marehemu baba yangu alihamia hapa kutoka Kondoa. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na ya darasa la saba, basi. Kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano nimekuwa nikisomesha watoto madrasani, na saa zilizobaki nalima mahindi na mbaazi kama jirani zangu.

Tangu utoto nimependa mimea ya harufu. Mwalimu aliyenisomesha mimi alikuwa na mrehani mlangoni pake, na kila tulipoingia tuliupapasa kwa mkono. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameitaja rehani katika Sura ya Ar-Rahman miongoni mwa neema zake, na kwamba Mtume (s.a.w.) alitukataza kumrudishia mtu anayetupa rehani, kwa kuwa ni kitu chepesi kuchukua na harufu yake ni njema. Nami nimepanda rehani kila mahali nilipokaa.

Basi, katika Idi ya Mfungo Tatu mwaka 2021 alikuja mpwa wangu, ambaye wakati ule alifanya kazi katika mashamba ya mawaridi karibu na Arusha, yale yanayolimwa ndani ya nyumba za nailoni na maua yake kusafirishwa Ulaya kwa ndege. Akanionyesha katika simu yake picha za sinema za vilima vya kusini ya Ufaransa, mistari kwa mistari ya rangi ya zambarau hadi upeo wa macho. "Mjomba," akaniambia, "hii ndiyo lavenda. Ni ndugu yake rehani yako, na mafuta yake yauzwa ghali." Alisema kweli. Lavenda, rehani, kivumbasi na nanaa zote ni za ukoo mmoja. Waarabu huiita khuzama, na waganga wa Kiislamu wa zamani waliijua aina yake moja kwa jina la ustukhudus. Hata katika milima ya Dhofar, Omani, ipo aina yake iotayo mwituni.

Lakini mimi siku ile sikuwa nikifikiri habari za waganga. Nalifikiri neno moja tu, "ghali".

Mpwa wangu alinieleza jinsi ya kujenga nyumba ya kuoteshea mimea, ambayo wakulima wa siku hizi huiita kitalu nyumba. Nilikata milingoti ya mikaratusi, nikapima mita 6 kwa 12 nyuma ya nyumba yangu. Ilihitajiwa nailoni maalumu isiyochanika upesi kwa jua, wavu wa kuzuia wadudu, tangi la lita 1,000 na mipira ya kumwagilia kwa matone. Fedha zangu za mbaazi zilitosha milingoti, tangi na mipira. Nailoni na wavu havikupatikana.

Sasa nifike pale ninapoona haya kufika. Sanduku la madrasa lilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya kabati, na ufunguo wake ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mfukoni mwangu. Wazazi walikuwa wakichanga kwa ajili ya paa, kwa maana mabati ya madrasa yetu yalikuwa yametoboka kama chujio. Wengine walileta 2,000, wengine 5,000, na mama mmoja mjane alileta debe la mahindi tukaliuza. Zilipata shilingi 1,150,000. Mwezi wa Agosti nilichukua humo shilingi 780,000. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba ni mkopo, kwamba kabla ya Ramadhani lavenda itakuwa imeuzwa na fedha zitarudi mahali pake, na pengine zaidi ya zilivyokuwa. Nilikwenda hata kuandika kiasi kile katika daftari langu, kana kwamba daftari lile lilikuwa shahidi.

Mbegu zilinunuliwa Arusha, pakiti yenye picha nzuri. Nikazisia mwezi wa Septemba katika trei. Mtu aliyezoea mchicha hupata taabu na mbegu ya lavenda, kwani mchicha huonekana baada ya siku nne au tano, na hii ilikaa karibu wiki nne, nami kila alfajiri baada ya sala nakwenda kuchungulia kwa tochi. Zilipoota hazikuota hata nusu. Nilipata miche kama tisini. Hapo ndipo mpwa wangu aliponiambia kwa simu, baada ya kuuliza wenziwe, kwamba lavenda iliyopandwa kwa mbegu haitoi maua ya maana mpaka upite mwaka, na mara nyingi miwili. Ramadhani ilikuwa imebakia miezi sita.

Hata hivyo sikukoma. Mtu aliyekwisha kutia mkono katika amana ya watu hupenda sana kuamini.

Novemba nikahamishia miche katika kitalu. Udongo wangu ni mweusi, mzito, ule unaonata kwenye jembe wakati wa mvua. Niliutia samadi nyingi, nikidhani naufanyia wema. Nikafungua matone asubuhi na jioni, kama wafanyavyo wenye nyanya. Usiku nilishusha nailoni pande zote ili miche isipigwe na upepo. Ukiingia mle alasiri, jasho linakutoka kabla hujafika katikati. Niliazima kipimajoto, kikapanda kupita digrii 40. Na asubuhi maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye nailoni juu ya majani.

Miche ilipendeza kwa mwezi mmoja na nusu. Ilirefuka, ikawa laini, nami nikawaita watu kuitazama. Januari ya 2022 majani ya chini yakaanza kuwa meusi. Kisha ukaja ukungu wa kijivu katikati ya vichipukizi. Nilipong'oa mche mmoja, mizizi yake ilikuwa kama uzi uliolowa chai, ukiivuta yachanika. Kila mche ulionyauka nilidhani una kiu, nikauzidishia maji.

Alipita bwana shamba mmoja, nikamkaribisha kitaluni. Alisimama mlangoni, akavua miwani yake iliyoingia mvuke, akaifuta. Akaniuliza: "Maalim, huko Ulaya mmea huu huutia ndani kwa sababu ya theluji na mvua ya baridi. Wewe hapa umeufungia nini?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba lavenda asili yake ni vilima vikavu vya mawe vilivyoizunguka bahari ya Mediterania. Kwamba yataka jua kali, upepo, na udongo mwepesi wenye chokaa. Na kwamba kitu kinachoiua upesi kuliko ukame ni maji yanayotuama mizizini, kwani humo ndimo mnamozaliwa kuvu wa kuozesha. Hata wale wanaoiotesha miche yake katika nyumba za vioo huacha madirisha wazi hewa ipite. Nyumba ya nailoni ni chombo kizuri kwa nyanya, kwa pilipili hoho na kwa mawaridi, kama mwenyewe anajua kuifungua na kuifunga. Mimi nilikuwa nimejenga hamamu.

Tena akaniuliza nimetarajia kuuza nini. Nikamwambia mafuta. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema kwamba kilo 100 za maua mabichi hutoa kama kilo moja ya mafuta, na kwamba kuyatoa kwataka chungu cha kuchemshia chenye bomba la kupozea mvuke, kama kile kiwanda cha Wawi, Pemba, kikamuacho mafuta ya makonyo ya karafuu. Mimi nilikuwa na miche tisini, nayo ilikuwa inaoza.

Mwezi wa Februari mvua zilikuwa nyingi. Alasiri moja nalikuwa nikiwasomesha watoto wakubwa ile hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (s.a.w.) amewafananisha wasomaji wa Kurani na matunda na mimea. Wasomaji wengi mnaijua. Muumini asomaye ni kama balungi, harufu njema na ladha njema. Na mnafiki asomaye ni kama rehani, harufu njema lakini ladha chungu. Nilikuwa nimekwenda na kijiti cha rehani ili watoto watafune majani wajionee wenyewe, kama alivyotufanyia mwalimu wangu. Wakatafuna, wakakunja nyuso, wakacheka. Mvua ikaanza. Maji yakashuka kutoka katika yale matundu ya paa kama kawaida, watoto wakasogea huku na huku kutafuta pakavu. Msichana mmoja wa miaka tisa hivi akafunika juzuu yake kwa kipande cha kanga ya mama yake, akaikumbatia kifuani, yeye mwenyewe akilowa mgongo. Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa: "Maalim, mabati yanakuja lini?"

Nilimjibu, "Inshallah, karibu." Nikaona ladha ya rehani kinywani mwangu, ingawa mimi sikuwa nimetafuna.

Sikuenda kuungama siku ile. Nasema hivi kwa sababu visa vya namna hii vikisimuliwa, mtu hutubu palepale. Mimi nilikaa wiki tatu nyingine. Nilijaribu kukopa kwa watu wawili ili niyajaze yale pengo yasijulikane, na wote wawili hawakuwa na fedha. Mke wangu ndiye aliyegundua, akitafuta kitu kabatini akalinyanyua sanduku, akaona uzito wake. Hakunipigia kelele. Aliliweka juu ya kitanda mahali pangu pa kulala, akaenda zake jikoni.

Ijumaa moja ya mwezi wa Shaabani, Machi 2022, baada ya sala, niliwaomba wazee wanne wa kamati wabaki. Nikawaeleza yote, na daftari nikawapa. Palikuwa kimya kirefu. Mmoja wao, mzee kuliko wote, ambaye alinijua tangu nikiwa mtoto, aliuliza kiasi gani, nikasema. Nikaongeza, kwa kujitetea, kwamba pengine ilinipasa kuwaomba kwanza. Akasema: "Ungalituomba tusingalikupa, na ndiyo sababu hukutuomba." Sijapata kuambiwa neno la kweli zaidi ya hilo. Hawakunifukuza, lakini waliutaka ufunguo, nikautoa mfukoni mbele yao. Tangu siku ile sanduku lina kufuli mbili, na funguo wanazo watu wawili wasiokaa nyumba moja. Kwa maoni yangu ndivyo ilivyopasa kuwa tangu mwanzo, wala si katika madrasa yetu peke yake. Kumwachia mtu mmoja sanduku na ufunguo, hata awe nani, si kumheshimu.

Niliuza mtamba, nikalipa 400,000. Mtamba yule alikuwa wa mke wangu, alizaliwa na ng'ombe aliyepewa na baba yake. Alikubali kwa kutikisa kichwa tu.

Na paa? Masika yalikuwa bado hayajakwisha. Kijana mmoja wa mtaa wetu, fundi, ndiye aliyesema kwa nini nailoni ya kitalu isifanye kazi. Tukaibandua Jumamosi, watu kumi, tukaitandaza juu ya yale mabati mabovu na kuifunga kwa kamba na mawe. Watoto wakasoma mfungo mzima wa Ramadhani chini yake. Ilipiga kelele usiku wa upepo, lakini hapakuingia tone. Agosti tukaweka mabati mapya upande wa kibla, na upande wa pili mwaka uliofuata.

Sasa nirejee kwenye mmea, kwa kuwa nilisema ni habari ya mmea. Mwezi ule wa Novemba nilipohamisha miche, palibaki kumi na miwili isiyopata nafasi. Mke wangu aliichukua, akaipanda katika sufuria kuukuu lililotoboka, akalijaza mchanga na kokoto zilizobaki kwa jirani aliyejenga, akaliweka barazani upande wa jua. Kisha, kwa hasira zilizokuja baadaye, hakulitazama tena wala hakulimwagia maji. Mwezi wa Mei, kitalu kikiwa uwanja mtupu, nilikaa barazani nikasikia harufu. Miche tisa kati ya ile ilikuwa hai, mifupi, ya kijivu, migumu kama kuni, na ukigusa jani harufu yakufuata mpaka chumbani.

Kutoka hiyo tisa ndiko nilikojifunza, na kwa kuwa vijana wengi wameniuliza, nitasema ninavyofanya. Chukua kichipukizi kisicho na ua, urefu wa sentimita 8 hata 10, ondoa majani ya chini, ukichomeke katika mchanga uliochanganywa na kokoto ndogo, kivulini. Maji kidogo, mchanga usikauke kabisa wala usitote. Wiki nne hata sita hutoa mizizi. Kisha fanya matuta ya juu, udongo mweusi usiutumie peke yake bali uuchanganye na changarawe, na majivu ya kuni kidogo. Panda kwa nafasi ya nusu mita, upepo upite kati. Samadi usitie. Kila mwaka pogoa vichwa vyake, lakini usikate hata kufikia mti mkavu usio na majani, maana hapo hauchipui tena.

Jambo moja lilinishangaza muda mrefu. Ile tisa haikutoa maua mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Binti yangu, aliyesoma zaidi yangu, ndiye aliyetafuta na kunisomea sababu. Lavenda ya Ulaya hungoja ipite baridi ya miezi kadhaa, kisha siku zirefuke. Kusini ya Ufaransa siku ya kiangazi hupita saa 15 za mwanga. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na jua letu hukaa saa 12 au karibu yake mwaka mzima. Mmea umekaa kwangu miaka hii yote ukingoja majira ambayo Bonga hayaji. Mwaka 2023 mpwa wangu akaniletea kutoka bustani moja ya Arusha vipandikizi vya aina nyingine, yenye majani ya meno-meno kama msumeno mdogo, ambayo asili yake haitaki baridi kubwa. Hiyo imetoa maua, tena mengi, na nyuki wa jirani yangu mwenye mizinga huja tangu jua la asubuhi. Ndani ya kitalu, chini ya ule wavu, hakuingia nyuki hata mmoja. Harufu ya hii si tamu kama ya ile ya kwanza, inakaribia kafuri kidogo. Ile isiyotoa maua ndiyo niipendayo, na watu hunicheka.

Mafuta sikamui. Twafunga majani na maua yaliyokauka katika vifuko vidogo vya kitambaa, binti yangu huvishona, na akina mama huvitia katika masanduku ya nguo ili nondo wasikae. Wapo waniulizao kama vinaponya shinikizo la damu na kisukari. Nawaambia waende hospitali. Nasikia mjini kuna wauzao mafuta ya lavenda kwa kunywa. Msinywe, wala msiyaache mahali watoto wanapofikia.

Mistari miwili ya lavenda sasa iko kando ya ukuta wa madrasa, upande wa jua, juu ya changarawe. Watoto hupita wakiipapasa kwa mikono wakiingia darasani. Milingoti ya kitalu bado imesimama, imepandwa na maharage ya kutambaa. Katika daftari la wazee nimebakiza shilingi 45,000. Mke wangu, kwa upande wake, hajanitajia mtamba wake hata siku moja. Ila juzi alipita barazani na mtungi, akasimama, akalimwagia lile sufuria maji kidogo, nami nilikuwa nimekaa palepale, sikumwambia asifanye.